Nani Akae na Nani Majini? Kutoka Ggaba hadi Tangi la Kioo

Barabara ya Ggaba hutoka Nsambya, ikapita Kabalagala, Kansanga na Bunga, na baada ya kilomita kama 10 hivi kutoka katikati ya mji wa Kampala humfikisha msafiri ukingoni mwa ziwa. Hapo pana soko na mwalo wa mitumbwi, na karibu nao ipo mitambo ivutayo maji na kuyasafisha kwa matumizi ya mji. Juu ya meza za wauza samaki hulala sangara, ambaye Waganda humwita mputa, sato, mamba mwenye mwili mrefu, na mukene, yaani dagaa, waliokaushwa juani. Mgeni akiuliza nkejje, huenda akaonyeshwa fungu dogo la visamaki visivyozidi urefu wa kidole. Fungu hilo ndilo lenye habari.

Nkejje, ambaye upande wa Mwanza huitwa furu, si samaki mmoja. Wataalamu wamehesabu aina zake kama 500 katika Ziwa Viktoria, na takriban zote hazipatikani penginepo duniani. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, lakini si upana tu uliowawezesha kukaa pamoja, bali kila aina ilikuwa na kazi yake. Walikuwapo wakwanguao ukoga juu ya mawe, wavunjao makombe ya konokono, walao wadudu wa matopeni, wawindao wenzao wadogo, na hata waliojua kunyang'anya mayai na vitoto vinywani mwa mama zao. Kwa maana nkejje jike huyaatamia mayai mdomoni, na kwa siku zote hizo hali chakula ila kwa shida.

Jamaa hawa walikaa hivyo kwa maelfu ya miaka, wakiwindana kwa kiasi. Sangara hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa mkazi wa Ziwa Albert na Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na maporomoko hayo hakuweza kuyapanda. Waliompandisha ni watu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitiwa katika Ziwa Kyoga na Ziwa Viktoria, kwa nia ya kuwageuza visamaki waliodhaniwa hawana thamani kuwa nyama ya samaki mkubwa. Haikosekani kusemwa kwamba swali liliulizwa mapema. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa samaki cha Jinja, aliandika kuipinga shauri hiyo. Lakini sangara alikuwa ameanza kuonekana majini, na miaka michache baadaye wakaongezwa wengine.

Kwa muda wa miaka 20 hivi ziwa lilionekana kama halikubadilika. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara akafurika, na nkejje wakatoweka nyavuni. Aina zinazohesabiwa kuwa zimepotea ni kama 200. Hata ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo cha heshima katika nyumba za Buganda, alisukumwa na sato mgeni aliyeletwa katika miaka hiyo hiyo ya 1950, na leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya. Ni haki kusema pia kwamba sangara amejenga viwanda, amelipa karo za watoto wengi na kuiletea nchi fedha za kigeni. Hata hivyo nkejje alianikwa juani akatosha, hali sangara mwenye mafuta mengi hutaka kukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na kuni hizo zilitoka katika miti ya pwani ya ziwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba baadhi ya nkejje walipata hifadhi nyuma ya vioo. Tangu mwaka 1993 bustani za wanyama za Marekani Kaskazini zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuwafuga, na ziko bustani za Ulaya zilizofanya vivyo hivyo. Huko ndiko lile swali la mwaka 1960 linapoulizwa tena kila siku, kwa kipimo cha tangi la lita 200 au 300: nani akae na nani?

Jibu la kwanza hutolewa na mdomo. Samaki yeyote atakayeenea katika kinywa cha mwenzake ni chakula chake, hata kama leo wanaogelea bega kwa bega. Kanuni hii ni moja kwa maji baridi na maji ya chumvi. Kwenye matumbawe ya Mombasa, chewa mdogo huonekana mpole, na hukua akawameza majirani. Naye pono hawali wenzake, lakini huyatafuna matumbawe yenyewe, hivyo hafai katika tangi lililopambwa kwayo. Jibu la pili hutolewa na tabia. Dume wa nkejje hujitwalia kipande cha jiwe akakilinda kwa ukali, hasa dhidi ya dume mwenye rangi kama yake. Hivyo dume mmoja huwekwa na majike watatu au zaidi, ili asimwandame mmoja hadi kumwua, na mawe hupangwa yawe na mapango ya kujifichia.

Jibu la tatu ndilo wengi hulisahau. Iko jamaa ya nkejje ambayo wataalamu wameipa jina la Kiswahili, Pundamilia. Mmoja wao, ambaye dume wake ni mwekundu, alipewa jina la Nyerere. Ndugu yake wa karibu dume wake ni wa buluu. Majike wa pande zote mbili wanafanana sana, na humchagua mume kwa rangi. Wachunguzi walipowaweka chini ya taa ya rangi moja, majike walishindwa kupambanua, wakachanganyika. Kwa hiyo aina zinazofanana haziwekwi tangi moja, kwani vizazi viwili tu vyatosha kuipoteza nasaba. Jambo lilo hilo hutokea ziwani mahali maji yalipochafuka. Na ghuba ya Murchison, mbele ya Ggaba, hupokea maji ya mfereji wa Nakivubo pamoja na taka za mji.

Familia ya Kampala inayotaka tangi la samaki sebuleni haina budi kukumbuka kwamba maji ya bomba yametiwa klorini; yaachwe wazi siku nzima katika ndoo kabla ya kutumiwa, na kila juma sehemu tu ya maji ya tangi ibadilishwe. Samaki wachache watulivu watangulie, wakali wafuate mwisho. Mwenye kuchoka nao asiwamwage mtaroni wala ziwani. Ampe jirani, au awarudishe kwa aliyemwuzia.

Mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda walipewa kazi ya kuyalinda maji haya dhidi ya nyavu haramu, na miongoni mwa waliolindwa ni sangara mchanga aliyepungua sentimita 50. Askari aliyesimama zamu ndani ya mashua alimlinda mgeni aliyekuwa mwenyeji kwa nguvu, na mapato ya maelfu ya watu yanamtegemea. Wakati huohuo, baadhi ya nkejje wameanza kurejea pale sangara alipopungua. Wengine hawakuondoka kabisa: karibu na Nabugabo, upande wa Masaka, yamo maziwa madogo yaliyozungukwa na vinamasi vya mafunjo. Maji ya vinamasi hivyo yana hewa kidogo mno kwa sangara, ambaye huhitaji hewa nyingi, na ng'ambo yake nkejje bado wanaishi.