Nilimwonea Mjukuu Wangu

Redio yangu ya mawimbi mafupi ni ya zamani, na nyumbani kwetu hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa. Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa, tarehe 10 Mei, 2024, sauti ilipofifia ghafla karibu saa nne, huku mjukuu wangu wa miaka minne amesimama kando ya meza, sikuuliza swali. Nilimkemea mpaka akakimbilia kwa bibi yake analia. Nikabadilisha betri, nikavuta eriali, nikazungusha vifundo. Ukabaki mchakacho mtupu. Baadaye, bila fundi wala bisibisi, vituo vikarudi kimoja kimoja.

Siku mbili baadaye nilisoma habari za Jua, aibu ikanishika. Dakika chache kabla ya saa nne kwa saa zetu, mlipuko mkubwa ulitokea huko kwenye kundi la madoa lenye upana wa kiasi cha mara 15 ya upana wa dunia.

Madoa hayo, ndugu msomaji, si uchafu. Mwaka 1908 mtaalamu wa Marekani, George Ellery Hale, alionyesha kuwa ni mahali penye nguvu kubwa ya sumaku. Sumaku hiyo huzuia joto linalopanda kutoka chini, hata doa likawa na digrii 4,000 hivi tu (neno "tu" nalitumia kwa haya), hali kandoni mwake ni 5,500. Nyuzi za sumaku zikisokoteka kupita kiasi hukatika na kuungana upya, na nguvu hutoka kwa kishindo. Miali ya eksirei hutufikia kwa dakika nane, ikalibadili tabaka la chini la anga ya juu, nalo likayameza mawimbi mafupi badala ya kuyapitisha. Hayo huupata upande wa dunia wenye mchana, nasi ndio tuliokuwa juani.

Madoa huzidi na kupungua kila miaka 11 hivi. Olin Wilson, aliyeanza mwaka 1966 kuzipima nyota zinazofanana na Jua kutoka Mount Wilson, California, aligundua kwamba baadhi yake nazo zina misimu kama hiyo.

Nilimwita mjukuu wangu. Si jambo jepesi mzee kumwomba radhi mtoto, tena mbele ya bibi yake.

"Babu amekosa," nikamwambia. "Redio ilinyamazishwa na Jua."

Akatazama dirishani, kisha akaniuliza: "Na Jua umeligombeza?"

Sikuwa na jibu. Nikampakata, nikamwonyesha kifundo cha kuongezea sauti.