Balkoni ya Wawili

Jamani, nikiri: kwa miaka mitatu balkoni yetu ya Upanga ilikuwa stoo. Madumu ya maji, feni mbovu, boksi la TV. Upana mita 1, urefu 2 na nusu. Nani angekaa pale?

Masika ya mwaka huu yalipokatika nikamwambia mume wangu, "Mpenzi, Jumamosi tunatoa kila kitu."

Hatukununua makubwa. Mkeka wa ukindu, stuli mbili fupi, mito miwili ya kitenge. Meza usithubutu, itakula nafasi yote. Sisi tulifunga ubao wa kukunja ukutani. Mrehani na mchaichai nimepanda kwenye ndoo za rangi, nimezitoboa chini ili maji yasituame. Zote ziko sakafuni. Usipange vyungu juu ya ukingo: kuanzia Juni kusi inavuma kweli kweli, na chini kuna watu wanapita.

Jioni ya kwanza tulikaa magoti yakigusana, chai ya tangawizi mkononi. TV ndani, simu kwenye chaji. Kimya. Kisha akasema:

"Kazini wanapunguza watu. Na mimi nimo. Nimejua wiki tatu sasa."

Wiki tatu! Na tunalala kitanda kimoja.

Nililia, sikatai. Halafu tukapiga mahesabu palepale mpaka mbu wakatufukuza.

Kazi bado anatafuta. Balkoni tunakaa kila jioni. Ya kwako, shosti, imejaa nini?