Jiwe la Mizani

Wizi ni tendo ambalo watu wote hulichukia likitendwa na mtu mwingine. Mwizi wa kuku hupigiwa yowe na kijiji kizima. Na mwizi wa ng'ombe, katika nchi ya Wasukuma, hufuatwa usiku na mchana mpaka apatikane. Lakini uko wizi mdogo usiopigiwa yowe na mtu, kwa sababu aliyeibiwa hurudi nyumbani kwake akishukuru. Nataka kuandika habari za wizi huo, kwa kuwa uliingia katika ukoo wetu mara mbili. Mara ya kwanza ulimfunga babu yangu bila haki, na mara ya pili uliniacha mimi huru bila haki.

Babu yangu alikuwa mkulima wa pamba upande wa mashariki wa Mwanza, mbele ya Kisesa, katika njia iendayo Magu. Reli ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya nchi ile ilisafiri kwa gari moshi mpaka pwani, ikaenda kuvisha watu ambao mkulima hakupata kuwaona. Mkulima aliona mambo mawili tu: shamba lake na mizani. Shamba alilijua kama kiganja cha mkono wake. Mizani hakuijua. Ilikuwa mali ya mnunuzi, aghalabu mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi, aliyepewa leseni na serikali ya Kiingereza. Na yule mwenye mizani ndiye aliyekuwa msomaji wake. Mkulima alitua gunia, akatajiwa hesabu, akapokea fedha, akatoka.

Si kila mnunuzi alikuwa mdanganyifu, na kusema hivyo kungekuwa dhuluma nyingine. Walakini malalamiko yalikuwa mengi, hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia upimaji. Kilio hicho kilisaidia kuzaa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa wa Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi yetu.

Kisa cha babu kilitokea kabla ya hayo. Alikuwa amejifunza kusoma tarakimu katika darasa la dini, na tangu siku hiyo alipoteza raha. Magunia aliyoyajaza sawasawa yalipata uzito mmoja kwa mnunuzi huyu na uzito mwingine kwa mnunuzi yule. Alikuwa akisema kwa mzaha kwamba gunia lake lilikuwa na ugonjwa wa kukonda njiani. Msimu mmoja mzaha ulimwisha. Mnunuzi alipogeuka kuhesabu fedha, babu alichukua jiwe moja la mizani, lililoandikwa ratili 10, akalifunika kwa shuka, akaenda nalo mjini kwa miguu. Huko alimwomba mwenye duka la sukari alipime kwa mawe yake. Jiwe lile likashuka na kitanga chake. Mwenye duka akaongeza ratili moja upande wa pili, na bado halikuinuka.

Babu alifurahi kama mtu aliyepata mganga wa ugonjwa wake. Akashika njia ya boma ili ampelekee Bwana Shauri jiwe lile, liseme lenyewe. Hakufika. Mnunuzi alikuwa amekwisha kutoa habari, na askari walimkuta babu barabarani na jiwe mkononi.

Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, ambayo Tanzania Bara ingali ikiitumia pamoja na mabadiliko mengi, ilimtaka mtu aliyekutwa na kitu kinachodhaniwa kuwa cha wizi aeleze alivyokipata. Babu alikuwa na maelezo mengi kuliko alivyotakiwa. Aliulizwa, je, jiwe ni lako? Akajibu, si langu. Ulipewa ruhusa? Sikupewa. Ulilichukua? Nililichukua. Alipotaka kusema juu ya uzito wa jiwe, aliambiwa kwamba hiyo ni kesi nyingine, na kwamba anaweza kuileta baadaye. Akafungwa miezi 6. Ama jiwe, kwa kuwa lilikuwa mali ya wizi, lilirudishwa kwa mwenyewe kwa amri ya mahakama; na babu aliambiwa na jirani zake kwamba msimu ule ule lilipanda tena mizanini.

Alitoka kifungoni akaendelea kulima pamba. Wazee wa kijiji walimheshimu, kwa sababu walijua habari yote. Lakini jina baya ni kama mbegu ya magugu: halihitaji kupaliliwa. Katika ugomvi wa watoto kisimani, sisi wajukuu tuliitwa wajukuu wa mwizi, na waliotuita hivyo hawakujua jiwe wala mizani. Nilikua nikiapa moyoni kwamba nitakuwa mtu wa kulisafisha jina hilo.

Mwaka 1985 nilikuwa na umri wa miaka 20. Serikali ilikuwa imeviondoa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na sasa vilikuwa vimerudishwa. Katika likizo nilipata kazi ya ukarani wa mizani katika chama kimoja cha msingi. Mizani ilikuwa ya kuning'inia, yenye uso wa duara na mshale. Siku ya kwanza nilifundishwa kazi, na siku ya pili nilifundishwa desturi. Mshale ukisimama kwenye kilo 47 na nusu, andika 47. Niliambiwa kwamba huo si wizi, kwa sababu pamba hukauka ghalani na upungufu wake lazima utoke mahali. Lakini nusu hizo hazikungoja kukauka. Magunia 100 yalizaa kilo 50 hivi, zikaandikwa kwa jina la mtu asiyekuwa na shamba, na fedha zake zikagawanywa jioni. Nilipokea fungu langu. Nilinunua viatu vya kurudia shuleni.

Yamkini msomaji atasema kwamba niliogopa wakubwa wangu. Niliogopa kidogo, lakini kweli ni kwamba sikuona aliyelia. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda tume ya kuchunguza malalamiko juu ya vyama vya ushirika, kwa maana mizani ilikuwa imebadili mikono bila kuacha mazoea yake. Mimi nilikuwa mmoja wa mikono hiyo. Usiku sungusungu wa kijiji walilinda ng'ombe kwa mishale na filimbi, na hapana filimbi iliyopigwa kwa ajili yangu.

Siku moja babu alileta pamba yake. Nilitundika gunia, nikasoma kwa sauti: kilo 52 na nusu. Nikaandika vile vile. Babu hakuondoka.

"Mjukuu wangu," akasema, "umesoma nusu."

"Ndiyo, babu."

"Tangu asubuhi nimeketi chini ya mkwaju ule nikisikiliza. Magunia yote ya watu yametoka mazima. Nusu ya kwanza kutajwa leo ni yangu."

Nikanyamaza.

"Basi huyu aliye nyuma yangu, asiye na mjukuu mizanini, nusu yake umeiweka wapi?"

Hakusema kwa sauti kubwa. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mama mmoja mjane, na sijui kama alisikia. Siku ile nilisoma nusu zote mpaka jua lilipokuchwa. Kesho yake niliondolewa mizanini nikapelekwa ghalani kupanga magunia, na mtu mwingine akashika kalamu. Babu alifariki miaka michache baadaye, na hatukupata kulizungumza tena jambo lile.

Biblia inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Na Kurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la wanaopunja vipimo. Inaonekana wizi huu ni wa kale, na wenye hekima hawakuuita mdogo. Nami nimejifunza tofauti moja. Kile alichochukua babu kilikuwa na mwenyewe, kikarudishwa siku ya hukumu. Nilichochukua mimi ni nusu kilo ya mtu huyu na nusu kilo ya mtu yule, watu ambao sikuandika hasara zao popote na wengi wao wamekwisha kufa. Sina wa kumrudishia. Nikisikia mtoto akimwita mtu mwizi kwa kuwa alikutwa na kitu mkononi, humwuliza kwanza alikuwa anakipeleka wapi.