Maji Yatafutiwe Njia ya Kutoka

Ufundi wa bodi niliupata Mombasa, lakini kazi iliyoniweka Leicester, Uingereza, miaka yote hii ni ya MGB, gari dogo la paa la turubai lililoundwa mjini Abingdon tangu 1962 hadi 1980. Wenye magari haya wanayapenda mno, na wakija karakanani kilio chao ni kile kile: mvua ikinyesha, miguu inalowa.

Wengi hufika wakiwa wameshapaka silikoni kila penye unyevu. Hilo silikubali. Tone linaloonekana kwenye zulia limeanzia mbali: huenda limepenya chini ya fremu ya kioo cha mbele, likapita nyuma ya dashibodi, likafuata nyaya mpaka likapata pa kudondokea. Silikoni hufuta alama za njia hiyo, na pengine hufungia maji ndani.

Walioliunda gari hili hawakutegemea kuzuia kila tone. Waliyaachia maji njia ya kutokea. Mbele ya kioo pana matundu ya kuingizia hewa ya hita, na mvua nayo huingia papo hapo. Chini yake kuna chumba cha bati chenye mpira mnene wa kutolea maji, unaoteremkia upande wa giaboksi. Majani yakioza humo mpira huziba, chumba hujaa, maji yakamwagikia miguuni kupitia kwenye hita. Milango nayo ni vivyo hivyo: maji yanayoteleza kando ya kioo huingia mlangoni na yanatakiwa kutokea kwenye vitundu vya chini. Vikizibwa na uchafu, mlango unaoza kuanzia chini.

Nalisisitiza hili kwa sababu gari la wazi halina paa la chuma la kulishika. Nguvu yake iko kwenye mihimili ya pembeni, chini ya milango. Kutu ikiila, ukiliinua gari kwa jeki milango inakataa kufunga. Uvujaji ulioachwa hatimaye huvunja uti wa mgongo wa gari.

Kwa hiyo tunatoa viti na mazulia yote kwanza. Mpwa wangu anaingia ndani na tochi, mimi nabaki nje na mpira wa maji, nikiyaachia yatiririke taratibu, nikianzia chini na kupanda juu, na kila mahali nangoja. Anayeanza kwa kumwagia juu huona maji kila upande asijue yametoka wapi. Kijana akiita, “Mjomba, hapa!” nafunga bomba, tunatia alama ya chaki. Raba za milango tunazipima kwa ukanda wa karatasi: ukichomoka bila kubanwa mlango ukiwa umefungwa, raba imekufa au mlango umekaa upande.

Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshanunua turubai jipya kwa fedha nyingi, na sakafu bado ikalowa. Tulipouchomoa ule mpira wa chumba cha hita, lilitoka tope jeusi la majani. Tukausafisha na kuurudisha, kisha tukamimina maji juu ya matundu; yakatokea yote chini ya gari. Zulia sikumrudishia siku ile. Sakafu ilibidi ikauke kabisa, ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi kwanza, naye akakubali kutuachia gari.