Ugomvi wa Mikuki Nyumbani Kwetu

Yamkini nyumbani kwako yupo kijana ambaye kila jioni huiinamia kompyuta kuukuu, nawe ukimwuliza anafanya nini, anakujibu kwamba anapanga modi. Wazazi wengi wa hapa Mwanza wakisikia jibu hilo huguna na kwenda zao, wakidhani ni neno jipya la kufichia uvivu. Leo napenda nikueleze kazi hiyo ni kazi gani, kwa kuwa katika nyumba yangu ya Nyakato ilikaribia kuvunja udugu wa watoto wawili wa dada yangu, na kompyuta yenyewe ilibakia siku moja tu iuzwe.

Mchezo wanaoucheza unaitwa Morrowind. Ulitolewa mwaka 2002 na kampuni ya Kimarekani ya Bethesda. Mchezaji hushushwa melini akiwa mfungwa aliyeachiliwa, katika kijiji kidogo cha pwani kwenye kisiwa cha Vvardenfell, kisha hujichagulia nafsi, awe mpiganaji, mwizi ama mchawi. Toka hapo hakuna amwamuruye njia ya kushika. Kwa vijana wenye mashine za kisasa huo ni mchezo wa kizee. Lakini unakubali kwenda katika kompyuta za mtumba, na waliouuza waliuambatanisha na chombo cha kuufanyia marekebisho, kiitwacho Construction Set. Mnunuzi akitaka kuongeza nyumba, aongeze. Akitaka kupunguza bei ya panga, apunguze. Wako waliolichukua jambo hili kwa uzito wa ajabu: kundi la kujitolea liitwalo Tamriel Rebuilt, lililoanza mwaka 2001, kabla hata mchezo haujatoka, mpaka leo linaendelea kuijenga bara ambayo wenye mchezo hawakuijenga.

Marekebisho hayo ndiyo modi. Kila modi ni faili, na mchezo unapoanza husoma kwanza mafaili makuu, yaani mchezo wenyewe na nyongeza zake mbili rasmi, Tribunal na Bloodmoon, halafu husoma modi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kila kitu ndani ya mchezo kina mfano wa kadi yake: jina, uzito, bei, nguvu. Modi inapobadilisha uzito wa mkuki, haifuti mstari mmoja na kuandika mwingine; huweka kadi nzima mpya juu ya kadi ya zamani. Modi mbili zikigusa mkuki ule ule, kadi iliyowekwa mwisho ndiyo itakayosomwa, na mchezo hautoi taarifa yoyote kwamba kuna kadi iliyofunikwa.

Mimi nilikuwa karani wa shehena bandarini hapa kwa miaka mingi, kwa hiyo jambo hili halikunipa taabu kulielewa. Mzigo uliopakiwa mwisho ndio ulio juu, na ndio uonekanao kwanza ngama ikifunguliwa. Wa chini haukuibwa. Upo, ila umelaliwa.

Sasa sikiliza yaliyotukuta. Mama yangu mzazi, ambaye ni bibi wa vijana hawa, hupenda kukaa nao sebuleni wakicheza. Alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na toka wakati ule hapiti penye maandishi bila kuyasoma kwa sauti. Lakini maandishi ya mchezo ni ya Kiingereza, basi alikuwa akiuliza kila mara, "Hiki nacho kinaitwaje?" Mpwa wangu wa kike, aliyekuwa akingoja matokeo yake ya kidato cha nne, akaamua kuvipa vitu vyote majina ya Kiswahili. Alifanya kazi hiyo kwa miezi miwili. Mkate ukawa mkate, kaa wa kule akawa na nyama ya kaa, magamba ya samaki yakawa magamba ya samaki, na silaha zikapata majina: mkuki wa chuma, upinde mrefu, rungu lenye miiba. Bibi alikuwa akiyasoma moja moja, na lile lisilompendeza alilikataa papo hapo.

Kaka mtu naye alikuwa na modi yake, ya kupunguza uzito wa silaha, kwa hoja kwamba mtu hawezi kutembea siku nzima na mizigo ile. Siku moja akaihifadhi upya, na asubuhi yake mikuki yote ikaamka na majina ya Kiingereza. Binti akaifungua modi yake, akaihifadhi tena. Majina yakarudi, lakini mikuki ikawa mizito kama zamani. Wakaendelea hivyo juma zima, kila mmoja akimfunika mwenzake. Katika Morrowind utaratibu wa kupakia modi hutokana na tarehe ya faili, ile inayoandikwa na kompyuta wakati wa kuhifadhi: la zamani husomwa kwanza, jipya husomwa baadaye. Hilo walikwisha kulijua, na walikuwa wakifanyiana kwa nusu mzaha.

Mzaha ulikoma usiku ulipokatika umeme. Kesho yake binti alifanya kazi mchana kutwa, akahifadhi, na kaka yake hakuwepo nyumbani. Jioni alipoufungua mchezo mbele ya bibi, silaha zote zilikuwa za Kiingereza. Akahifadhi tena, hali ile ile. Kaka mtu aliporejea alikuta hukumu imekwisha kutolewa: ameingia kwa siri na kuifuta kazi ya mwenzake. Akaapa kwamba hakugusa. Binti akalia, akasema hatasema naye tena. Dada yangu, aliyechoka na kutwa kazini, akasema dawa ni moja, kesho kompyuta inakwenda sokoni.

Mimi niliomba nitazame kwanza. Jambo la awali lililonishangaza ni kwamba mikate ilikuwa bado mikate, na magamba bado magamba. Mwizi gani huyo achukuaye mikuki na kuacha chakula? Yaliyopotea yalikuwa yale tu ambayo modi ya kaka mtu inayagusa. Nikawaambia waniorodheshee mafaili yote kwa tarehe, kama ambavyo tungefanya na hati za shehena. Faili la binti, alilolihifadhi saa moja iliyopita, lilikuwa la kwanza kabisa katika orodha ya modi, nalo limeandikwa Januari 2002.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, ambayo kazi yake ni kuilinda saa ya mashine wakati umeme haupo. Yetu ilikuwa imekwisha. Umeme uliporudi, saa iliamka imepotea zaidi ya miaka ishirini, na kila alichohifadhi binti siku ile kikapigwa muhuri wa zamani na kutupwa chini ya mizigo yote. Betri hiyo, CR2032, tuliipata kwa fundi saa mjini. Kaka na dada hawakuombana radhi kwa maneno. Waliketi kiti kimoja, na nadhani hilo lilitosha.

Lakini betri mpya ilirudisha ugomvi wa awali tu, wa nani awe mwisho. Dawa yake walijitengenezea wenyewe: modi ya tatu, inayopakiwa baada ya zao zote mbili, ambayo kila kadi yake ya silaha ina jina la dada na uzito wa kaka. Ipo programu ya TES3Merge ifanyayo kazi hiyo yenyewe, wao waliifanya kwa mkono, silaha moja baada ya moja. Iko pia OpenMW, inayouendesha mchezo huu bila kutegemea tarehe, kwa orodha iliyoandikwa waziwazi. Ukiwa na vijana wenye kazi kama hii, wahimize waweke nakala katika flashi kabla ya kubadilisha lolote, na wasiondoe modi katikati ya safari, kwa maana mchezo uliohifadhiwa hukumbuka vitu vyake na huvidai.

Hivi sasa binti ameingia kwenye mazungumzo, na huko kuna taabu ya namna nyingine. Mtu wa mchezoni akitaja neno ambalo ni mada, neno hilo hubadilika rangi, na ukilichagua hukueleza zaidi. Mchezo hulitafuta kama lilivyoandikwa. Kiingereza aghalabu hugeuza maneno yake mwishoni, nasi twayageuza mwanzoni. Mada ikiwa "mvuvi" na msemaji akasema "wavuvi", mchezo haulioni. Kwa hiyo kila sentensi ya wingi yabidi igeuzwe iwe ya umoja na bado isikike kama mtu anayezungumza. Bibi ndiye mkaguzi. Juzi alikataa sentensi nne mfululizo, akisema hakuna mvuvi asemaye hivyo. Wako bado katika kijiji cha kwanza, Seyda Neen, nacho hakijafika nusu.