Mvua Iliyozidi Kawaida

Huenda umewahi kupita Shika Adabu bila ya kutambua. Ukishavuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya kuelekea Ukunda, unayaona maduka na matatu, kisha safari inaendelea. Usichokiona ni mitaa iliyo nyuma ya maduka hayo, yenye nyumba zilizosongamana na mabonde madogo ambayo wakati wa kiangazi watoto huyageuza viwanja vya kandanda. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama imo ukingoni mwa bonde mojawapo.

Utabiri wa vuli ya mwaka 2023 ulipotangazwa, nilikuwa chuoni, huko nyanda za juu za Bonde la Ufa. Sitaficha kwamba niliufurahia, maana vipindi vya tafsiri vilikuwa vimenikolea. Jioni hiyo nikampigia bibi simu na kumfasiria kwa Kiswahili nilichokiona sanifu: "Bibi, wataalamu wanasema mvua ya vuli itazidi kiwango cha kawaida kwa sababu ya El Niño."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kawaida ya wapi, mjukuu wangu?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wake, kwani bibi hapungukiwi na mizaha.

Mwenzangu wa chumbani, mzaliwa wa Pokot Magharibi, hakucheka. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019 milima ya kaunti yao iliporomoka na kuvifunika vijiji. Zaidi ya watu 40 wakafariki. Alinieleza kuwa yeye haogopi sana ukali wa mvua ya usiku mmoja. Aogopacho ni ardhi iliyokwisha kushiba maji kwa majuma kadhaa, kwa kuwa ardhi hiyo haihitaji mvua kubwa ili ianguke. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sisi wa Pwani hatuna milima ya kutuangukia.

Naam, hatuna, lakini maji ya milima tunayo. Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, Tanzania, ukaja kuingia baharini karibu na Vanga. Mvua ikinyesha sana kule juu, mwenyeji wa Vanga aweza kuzingirwa na maji ilhali mbingu yake ni nyeupe. Na karibu zaidi na kwetu kuna mto Mwache, unaotiririka kutoka bara ya Kwale. Wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 mto huo ulishusha udongo mwingi mno hata mikoko ya hori la Mwache ikafukiwa mizizi na kufa. Haya yote nilikuwa nimeyasoma, lakini siku ile sikuyakumbuka.

Usiku mmoja wa Novemba 2023, bibi aliteremsha miguu kitandani akakanyaga maji yaliyomfika magotini. Jirani alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Kitambulisho, hati ya kiwanja na picha pekee ya marehemu babu vililowa vikaharibika. Cherehani yake, iliyowasomesha mama na ndugu zake, ilikaa ndani ya tope siku tatu.

Nilipofika likizoni nilimkuta akiifuta kwa mafuta ya taa. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema bila ya hasira, na laiti angekasirika:

"Uliniambia maji yatazidi kawaida. Kawaida yangu mimi ni maji kufika kwenye ule mwembe. Ungeniambia yataupita mwembe, ningehama."

Kawaida ya watabiri ni wastani wa miaka 30 ya vipimo, na hawawezi kuujua mwembe wa bibi. Mimi nilikuwa nikiujua, maana nimeukwea utotoni. Pia nilijua kwamba chini yake palikuwa na mkondo wa maji, na kwamba miaka michache iliyopita mtu alinunua kiwanja hapo akaujengea ukuta. Bibi aliulizia kawaida ya wapi, nami nikayasikia kama mapungufu ya elimu.

Lugha yetu ina vuli, masika na mchoo. Ina kaskazi na kusi kwa ajili ya vyombo vya baharini. Sina hakika kwamba sisi tunaoisomea tumejishughulisha vya kutosha na maneno ya maji yakishafika ardhini: yanapita wapi, yanakomea wapi, na nani ameyazibia njia. Tumeishia kufasiri takwimu.

Mwezi wa Machi 2024, kabla ya masika, nilimpigia tena. Safari hii nilianza mimi kuuliza.

"Bibi, maji ya Novemba yaliishia wapi?"

"Chini kidogo ya dirisha la jikoni. Alama bado ipo."

"Basi mwaka huu yakifika kwenye mwembe tu, usingoje yafike mlangoni."

"Cherehani nimekwisha kuipeleka kwa mama yako mdogo, upande wa juu wa barabara," akasema. "Wewe soma."