Kabla ya Kuuliza Nani Bora

Mimi ni mtu wa Les Wanyika. Nimekuwa hivyo tangu 1979, wimbo wa Sina Makosa ulipotoka nikiwa kijana wa shule huku Kilifi, na sitarajii kuhama. Wenzangu wa baraza letu la Barani, Malindi, wanajua kwamba anayetaka kuniharibia kahawa yangu ya jioni aliseme vibaya gitaa la John Ngereza. Basi ushuhuda huu si wa mtu aliyehama kambi. Ni wa mtu aliyebadili namna ya kubishana, na mabadiliko hayo yamenipa muziki ambao zamani hata sikuuhesabu.

Baraza letu ni la watu wa rika moja, waliolelewa na redio. Miaka ile ya sabini betri zikichoka tulizianika juu ya bati, zikapata nguvu ya usiku mmoja zaidi. Tulisikiliza Sauti ya Kenya, na usiku ukitulia Radio Tanzania Dar es Salaam iliingia safi kabisa. Ndiyo maana mabishano ya Pwani kuhusu bendi hayajui mpaka. Mwenzetu mmoja, dereva mstaafu wa mabasi ya Lamu, ni wa Simba Wanyika na hasikii la mwadhini. Fundi viatu ni wa Mbaraka Mwinshehe, na hoja yake kubwa ni kwamba Mbaraka ni wetu kuliko alivyo wa Morogoro, kwa kuwa alikata roho Mombasa, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Mwalimu mstaafu ni wa Super Mazembe. Yeye hushikilia kwamba Wakongo ndio waliotufundisha kucheza, sisi wengine tulikuwa tunarukaruka tu.

Mizani tuliyotumia ilikuwa moja: bendi gani ilianza, gitaa la nani lilikuwa tamu, na upande wa pili wa santuri ulichemka vipi. Vijana wa leo huenda hawajui. Santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo wa dakika saba au nane, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza mwimbaji analalamika taratibu na kueleza kisa chake. Ukiigeuza, magitaa yanafunguliwa, ngoma zinakaza, na waliokuwa wamekaa wanainuka. Yule aliyepewa kazi ya kugeuza alikuwa mtu mkubwa kwenye sherehe, na akichelewa alizomewa na ukumbi mzima. Mimi niliifanya kazi hiyo mara nyingi, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba ninajua muziki.

Na kwa habari za kina Wanyika, kwa kweli nilijua. Mimi na dereva tuliweza kumaliza birika nzima kwa hilo tu. Wilson na George Kinyonga, ndugu wa Tanga, walipitia Jamhuri Jazz huko kwao, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Mombasa. Hapa Pwani ndipo Simba Wanyika ilipojijenga kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1975. Mwaka 1978 akina Omar Shabani, mpigaji gitaa la kati, na Tommy Malanga wa besi wakatoka, wakaanzisha Les Wanyika, na Ngereza akajiunga nao. Dereva huita jambo hilo usaliti. Mimi huita kukua. Hapo ndipo kila jioni ilipoishia, kila mtu akiondoka na alichokuja nacho.

Ajabu ni kwamba katika kelele zote hizo hakuna aliyetaja watoto wa nyumbani. Them Mushrooms ni bendi ya ndugu wa Kaloleni, Kilifi hii hii. Teddy Kalanda Harrison na nduguze waliianzisha Mombasa mwaka 1972, wakapata riziki kwa kuwapigia watalii katika hoteli za ufuoni. Mwaka 1982 wakatoa Jambo Bwana, aliyoitunga Teddy, na mwaka uliofuata Boney M. wakaurekodi wimbo huo kwa namna yao huko Ulaya. Pengine hakuna wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali zaidi ya huo. Lakini barazani kwetu huo haukuwa muziki wa kubishania. Ulikuwa wimbo wa kumfundishia mgeni salamu. Safari Sound Band nao tuliwatia kapu hilo hilo, na Mombasa Roots, walioichukua chakacha ya harusi wakaitia magitaa na kinanda cha umeme, tuliwaita watu wa disko.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya uweita katika hoteli moja ya Malindi, wageni wengi wakiwa Waitaliano. Kila usiku, supu ikiisha na sahani za samaki zikianza kutoka, bendi ilianza Jambo Bwana. Nilijua kwamba wakifika kwenye kibwagizo cha pili napaswa kuwa meza za karibu na bwawa. Siku za mwezi wa nane, hoteli ikijaa, waliupiga hata mara tatu kwa usiku mmoja. Mtu aliyesikia wimbo mmoja kwa namna hiyo usimuulize kama ni mzuri.

Kilichonigeuza kilianzia kantini ya wafanyakazi. Tulikula baada ya zamu, karibu saa sita usiku, ugali na maharagwe, mashati meupe tumeyavua na kuyaning'iniza tusiyachafue. Mpigaji gitaa wa bendi, kijana wa upande wa Ganze, alikuwa na mazoea ya kukaa na gitaa lake la umeme bila kuliunganisha na moto, likitoa sauti ndogo ya nyaya tupu. Usiku mmoja akawa anapiga mwanzele, ngoma ya Kigiriama, kidole gumba kikishika mwendo chini na vidole viwili vikijibizana juu. Mzee mtunza bustani, ambaye nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya shikamoo na marahaba, akaacha ugali, akachukua sinia ya vijiko vilivyooshwa na kutafuta pigo la kayamba. Akalipata. Kina mama wa kufua wakaitikia. Kisha yule kijana, bila kubadili mkono wa kulia hata kidogo, akaingiza Jambo Bwana juu ya mwendo ule ule, na ukakaa.

Nilimuuliza mbona kule bwawani hapigi hivyo.

"Kaka, kule nina mkataba," akanijibu huku anatafuna. "Wanataka nusu saa taratibu na nusu saa ya kucheza. Nikiwapa hivyo, watoto wangu watatu wanaenda shule. We mwenyewe kule unatembea hivi unavyotembea hapa?"

Kantini yote ikacheka, kwa kuwa kweli kule nilitembea kwa namna nyingine. Lakini neno lake la mkataba lilinikaa. Katika mabishano yetu yote ya barazani, hakuna aliyewahi kuuliza mwanamuziki alikula nini. Tulisikiliza santuri kama kwamba imejipiga yenyewe.

Halafu ikaja Novemba 28, 2002. Hoteli ya Paradise huko Kikambala ilishambuliwa kwa bomu lililopakiwa garini, wakati kundi la wageni kutoka Israeli linawasili. Miongoni mwa Wakenya waliouawa walikuwa wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuwa pale kuwapokea wageni. Walikufa kazini, na kazi yao ilikuwa ngoma. Baada ya hapo wageni walipungua katika hoteli nyingi za Pwani, na palipopunguzwa watu, wanamuziki walikuwa wa mwanzo kuambiwa wakapumzike nyumbani. Tangu wakati huo sijaweza kutamka maneno "bendi ya hoteli" kwa sauti ile niliyokuwa nikitumia.

Geuko la pili limetoka nyumbani kwangu. Mke wangu ni mzaliwa wa Mambrui. Jioni moja barazani tulibishana hadi sauti zikafika uani, na niliporudi ndani akaniuliza bendi hizo tunazogombania tulizisikia wapi. Nikamtajia kumbi, klabu, sherehe za vijana.

"Huko mimi sikukanyaga, wala dada zangu," akasema. "Sasa mbona mnasema ni bendi za ujana wetu? Semeni za ujana wenu."

Akanitajia za kwake. Maulidi na Musical Party yake, Zuhura Swaleh akiimba. Ustadh Juma Bhalo, aliyetia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi hadi watu wakasahau asili yake. Zein l'Abdin na udi wake. Kaseti zilinunuliwa Mombasa, kwa Mbwana Radio Service, zikaletwa na mjomba, zikazunguka nyumba kwa nyumba mpaka utepe ukalegea. Na kila wimbo aliukumbuka kwa jina la bi harusi: huu ulipigwa kwa fulani, ule ulimliza mama yake fulani, huu mwingine ulitumwa makusudi kwa jirani aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, na alijua, na alitoa hela akamtunza mwimbaji ili aonekane hajali. Kwa saa nzima nilisikia historia ya Mambrui ambayo santuri zangu hazina.

Nilipeleka swali lake barazani. Nilisema, leo hakuna kuuliza nani bora. Kila mtu aseme alikuwa wapi muziki wake ulipompata, na alikuwa anafanya nini.

Walinung'unika, kisha wakaanza. Dereva, ambaye tumekunywa naye kahawa miaka yote hii, alituambia kwa mara ya kwanza kwamba aliwahi kuwa utingo Mombasa kabla ya 1975, na kwamba Simba Wanyika aliwaona kwa macho, amesimama karibu na jukwaa, viatu vya kuazima. Fundi viatu alikuwa mwanagenzi, ameshika sindano, redio iliposema Mbaraka amekufa, na bwana wake akafunga duka mchana. Mwalimu alijifunzia Super Mazembe bwenini, chuoni, kwa redio iliyofichwa chini ya mto. Nami nikalazimika kueleza kwamba wakati wa ujana wangu Les Wanyika sikuwahi kuwaona. Niliwajua kwa redio na santuri tu. Kumbe miaka yote dereva alikuwa akipima ukumbi na mimi nikipima studio. Tungekubaliana vipi?

Kwa mizani hii mpya, Them Mushrooms wamepanda sana machoni pangu. Bendi niliyoiacha nje ya mabishano ndiyo iliyoshona vipande vyetu pamoja. Walirekodi na Malika, mwimbaji wa taarab, muziki wa kina mke wangu. Walirekodi na Fundi Konde, mzee wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, aliyepiga muziki katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ambaye gitaa lake lilikuwa likisikika Kenya kabla hata sisi hatujazaliwa. Na nyuma yao, katika harusi za Rabai, Kaloleni na Freretown, kulikuwa na bango, muziki ulioasisiwa na Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake, ambao wazee huucheza kwa mwendo wa heshima, bega kidogo, mguu kidogo. Bango hatukuwahi kuutaja barazani, ingawa kila mmoja wetu ameucheza.

Hukumu yangu sasa ni hii. Ukiniuliza bendi ninayoipenda, nitakujibu lile lile. Ukiniuliza bendi iliyoitendea Pwani hii makubwa zaidi katika zama zetu, nitasema ni wale ndugu wa Kaloleni, nami niko tayari kubishana na yeyote, mradi aanze kwa kuniambia alikuwa wapi.

Kwako msomaji nina ombi moja. Santuri ikitunzwa hudumu, lakini kaseti za huku kwetu zinakufa: joto, unyevu na chumvi ya bahari vimefanya tepe zinate, na wenye kukumbuka nani aliimba harusi ya nani nao wanapungua. Simu yako inarekodi sauti. Mwendee shangazi yako, bibi yako, au mzee aliyewahi kupiga ngoma hotelini, umuulize muziki wa ujana wake aliusikia wapi na alikuwa anafanya nini. Anza na kina mama, kwa sababu sisi wa barazani tumeshasema vya kutosha.